Chuma cha Kuvutia Tela la Maji

Ng'ombe wa kwanza kufa mtaani kwetu hakuwa wetu. Alikuwa wa jirani wa upande wa juu, mama mmoja mjane, na asubuhi alimkuta amelala ubavu bandani, ulimi umetoka na kukauka kama gome la mti. Nilikwenda kumpa pole. Alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, halii. Aliniuliza tu, "Na wako wanakunywa nini?"

Masika ya mwaka ule yalikuwa yamepita kiasi. Huko juu msituni kipande cha mlima kiliporomoka kikafukia chanzo cha maji, kikavunja bomba kubwa na kuufuta kabisa ule mfereji wa wazee wetu tunaouita mfongo. Tukiwa bado tunamshukuru Mungu kwamba hakuna mtu aliyefunikwa na udongo, mvua zikakatika ghafla, kiangazi kikaingia na hasira. Bomba lilitoa maji ya tope kwa muda mfupi, kisha likatoa hewa, kisha likanyamaza. Kamati ya maji ilituambia tuvumilie, mabomba mapya yameombwa. Mwika yetu nzima ikaanza kushuka bondeni na ndoo.

Mtu anaweza kuishi kwa ndoo moja. Ng'ombe wa maziwa hawezi. Sisi tulikuwa na watatu, wote wa kufungiwa bandani kama ilivyo desturi ya huku mlimani: mmoja mzee, mmoja kijana, na wa tatu alikuwa na mimba iliyokaribia kufika. Maziwa yao ndiyo yaliyotuweka mjini, kama watu wanavyosema, ingawa tulikaa shamba. Kahawa ilikuwa imechoka, ndizi ni za kula. Na mume wangu alikuwa amepata kiharusi.

Kabla ya kuugua alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilikuwa Kiboriloni, karibu na soko. Alitengeneza mageti, madirisha, matela ya trekta, mabenchi ya kanisa. Asubuhi moja alianguka akiwa ameshika geti la mtu. Alipotoka hospitali, mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia, mguu unaburuta, na maneno yamemvurugika. Daktari alinieleza kwamba maneno bado yapo kichwani, njia ya kutokea ndiyo imeharibika. Kwa hiyo alitaka chai akasema "kofia". Alitaka kusema jana ikatoka kesho. Mwenyewe alijua kwamba limetoka neno lisilo lake, ungeona macho yake yanalikimbilia kulirudisha, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Karakana tulifunga. Mashine yake ya kuchomelea, grainda na drili tukavirudisha nyumbani, nikavifunika kwa magunia kwenye stoo ya kahawa.

Mkombozi aliyebaki alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anayelima mahindi huko tambarare, chini ya Himo. Yeye ana kisima kirefu na matela mawili. Moja lina tangi la maji, huvutwa na trekta lake, na pua ya tela hilo, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari, imekaa chini chini. Jingine ni la kubebea mabua, refu, lilitengenezwa kwa ajili ya lori, na pua yake iko juu. Nilimpigia simu.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Vipi hali ya mgonjwa?"

"Anaendelea hivyo hivyo. Shemeji, ng'ombe wanakufa huku."

Akasema nichukue tela lolote, maji yapo na mabua yapo. Lakini trekta hawezi kulitoa, lipo kazini kwa watu. "Hiyo pikapu yenu ina kitu cha kuvutia?"

Haikuwa nacho. Pikapu yetu ni mzee wa kazi, niliiendesha mwenyewe kupeleka maziwa kituoni, na nyuma ilikuwa na bampa lililopinda tu, basi. Nilifikiri jambo hilo ni dogo. Niliteremka nayo mpaka Moshi mjini kutafuta fundi. Wa kwanza aliniambia foleni yake ni ndefu, wafugaji wote wa mlimani wanataka kitu kilekile. Wa pili alikuwa nacho kimoja kilichokwisha tengenezwa, lakini urefu wake ni mmoja, haupandi wala haushuki. Kingefaa tela la mabua, lile la maji lingeinua pua kama ng'ombe anayenusa mvua. Wa tatu alilala chini ya gari na tochi, akatoka anajifuta mikono.

"Mama, chesisi yako imeliwa na kutu huku nyuma. Nikichomelea hapa, siku tela likichomoka likaua mtu, mimi ndiye nitakayetafutwa. Sitaki lawama."

"Sasa nifanye nini?"

"Uza hao ng'ombe."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka hata kukasirika. Nani angenunua ng'ombe wakati kila mtu anauza? Nilimkuta mume wangu barazani, nikamsimulia yote, kama nilivyokuwa nikimsimulia siku zote, bila kutegemea jibu. Nilipofika kwa yule fundi wa tatu na chesisi, alianza kugonga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima.

"Mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Mimi." Akaonyesha stoo.

Niliutazama ule mkono wa kulia uliolala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Sikutaka kumvunja moyo, lakini sikuwa na nguvu ya kumdanganya pia. Nikamwuliza, "Utachomelea na mkono gani, baba?"

Akainua kidole cha mkono wa kushoto, akaninyooshea mimi kifuani. "Wewe."

Nilicheka, kicheko kibaya. Katika maisha yangu sikuwahi kushika ile mashine, nilichojua ni kumpelekea chakula karakana na kugeuza uso usiangalie ule mwanga. Lakini kutoka bandani yule mwenye mimba alilia, mlio mfupi, mkavu, na kicheko changu kikaisha.

Kesho yake nilimpakia kwenye pikapu tukaenda Kiboriloni kwa muuza vyuma chakavu aliyekuwa akimhudumia zamani. Yule kijana alipomwona akaruka kutoka kwenye rundo la mabati, akaja amenyoosha mikono miwili.

"Shikamoo fundi! Tulisikia, tukasema tutakuja..."

Mume wangu alifungua kinywa, akahangaika, likatoka: "Kesho."

Kijana akanitazama mimi. Nikamwambia, "Amesema marahaba." Kuanzia hapo yule kijana alizungumza kwa sauti kubwa, kama watu wanavyozungumza na viziwi, na mume wangu akampuuza, akaingia katikati ya vyuma akiburuta mguu. Aligonga kipande baada ya kipande kwa jiwe, akisikiliza. Vingi alivitupa. Mwishowe tukaondoka na chuma kimoja kizito chenye umbo la mfereji, ambacho mafundi hukiita chaneli, bomba la mraba ambalo chaneli ile iliingia ndani yake kwa shida kidogo, flatibaa mbili, yaani vyuma bapa virefu na vinene, mnyororo wa gari kubwa, na pini yenye unene wa kidole gumba.

Nyumbani alichora kwa mkaa kwenye sakafu ya uani. Mistari ilitetemeka, akaifuta kwa kiatu, akachora tena. Nilikaa chini nikajaribu kusoma ule mchoro kama mtoto wa darasa la kwanza, na polepole nikamwelewa. Ile sehemu ya chesisi iliyooza hatukuigusa. Flatibaa mbili zingepita chini yake, moja kila upande, ziende mbele mpaka kwenye chuma kizima, zikazwe huko kwa bolti nene. Nyuma zingeshika chaneli iliyosimama wima, hiyo ndiyo nguzo, na nguzo ingetobolewa matundu kutoka juu hadi chini. Bomba la mraba lingevaa nguzo kama kisanduku kinachopanda na kushuka, nalo lina mataya mawili ya chuma yanayoumana na pete ya tela, pini katikati. Ukitaka tela la mabua, unapandisha kisanduku. Ukitaka la maji, unakishusha. Bolti mbili zinapita kwenye matundu na kukifunga pale ulipochagua.

Ilikuwa kitu rahisi. Ila aliyejua hakuwa na mkono, na mwenye mikono hakujua.

Umeme ulituchezea tangu mwanzo. Ulikuja hafifu, drili ikawa inazunguka kwa kulalamika bila kula chuma, kisha ukakatika. Nilikaa na ile drili mapajani nikitazama banda. Tulikuwa tumeanza kuwakatia ng'ombe migomba mizima mizima, kwa sababu ya maji yaliyomo kwenye vigogo, na kihamba chetu, shamba la migomba lililozunguka nyumba, kilianza kuonyesha uwazi mahali ambapo sijapata kuona uwazi tangu niolewe pale. Maji ya kuogea tuliacha. Maji ya kuoshea vyombo tuliwapa ng'ombe. Yule mzee alikuwa ameacha kucheua.

Umeme uliporudi nilitoboa mpaka biti, lile jino la drili, ikavunjika ndani ya tundu. Mume wangu alichukua nyundo, akalitoa lile jino, akanipa biti nyingine. Matundu yaliyobaki tuliyatoboa kwa moto wa mashine ya kuchomelea, nikayalainisha kwa tupa, mabaya lakini yanapitisha bolti.

Kuchomelea ndiko kulikonitoa machozi. Kile kijiti cha kuchomelea kilinasa kwenye chuma kila nilipogusa, mashine ikanguruma, nikakitikisa kama mtu aliyeshika nyoka. Alinishika kiwiko kwa mkono wake wa kushoto, akanisogeza taratibu, akaniacha. Nikanasa tena. Niliweza mstari mmoja uliojaa mabonde na malengelenge, nikauonea fahari. Alipasua ganda lake kwa nyundo, akaangalia, kisha akalipiga lile ungio la chuma pigo moja. Likaachia.

"Tena," akasema.

Hilo neno halikumpotea kamwe. Nilichomelea, akapiga, likaachia, tena. Nilimchukia mchana ule. Nilimwambia, "Unadhani nina muda wa kusoma ufundi? Unasikia huko bandani?" Alisikia. Alikuwa analia huku akisema tena.

Asubuhi iliyofuata sikuweza kufungua macho. Ilikuwa kama kuna mchanga wa moto umemwagwa ndani, kwa sababu mara nyingi nilikuwa nimewasha kabla ya kushusha kile kioo cheusi usoni. Nilijua ng'ombe wanangoja na siwezi hata kuuona mlango. Nilikaa kitandani nikapiga mayowe, sikujali majirani. Nikamsikia anaburuta mguu jikoni, kisu kinagonga ubao, muda mrefu, maana kukata kitu kwa mkono mmoja ni kazi. Akaja akaniwekea vipande vya viazi vibichi juu ya kope, kimoja kimoja, vinene na vyembamba, vimekatwa ovyo. Vilikuwa baridi. Jirani yangu yule mjane alikuja kuwapa ng'ombe wetu migomba siku hiyo bila kuitwa.

Nilipoona tena, tuliendelea, na safari hii alipopiga nyundo mataya yalilia kama kengele na hayakuachia. Alipiga upande huu, akapiga upande ule. Kisha akaninyooshea nyundo na kunitaka nipige mwenyewe. Nilipiga kwa nguvu zote za hasira yangu. Palepale shemeji alifika, alikuwa amekuja kuona mgonjwa na kuniuliza mbona nimekawia. Alizunguka nyuma ya pikapu, akainama, akashika nguzo na kuitikisa.

"Hii nani kafanya?"

"Mimi. Yeye ananielekeza."

"Anakuelekeza kwa mdomo upi?" Akageuka kwa mdogo wake, akabadilisha sauti. "Mdogo wangu, mtaua watu barabarani. Ile kona ya kule chini haina huruma hata kwa gari zima."

Mume wangu alichukua ule mnyororo, akaupitisha kwenye flatibaa, akaonyesha kwa ishara jinsi utakavyofungwa kwenye tela pembeni ya pini, ili pini ikikatika mnyororo ushike. Shemeji alitazama, akakuna kidevu. "Mimi sijakataza," akasema hatimaye. "Ila nitakuwepo wakati wa kufunga."

Siku hiyohiyo yule ng'ombe mzee alishindwa kusimama. Tulimwita mchinjaji kabla hajafa mwenyewe.

Tulishuka tambarare asubuhi, mimi kwenye usukani na mume wangu pembeni. Kisimani palikuwa na foleni ya watu waliopata habari za yale maji, wengine na mikokoteni ya punda, wengine na bodaboda zilizofungwa madumu. Ardhi imekuwa tope zito, tela la tangi limekaa limeinama upande mmoja, na huwezi kujua kipi kimenyooka na kipi kimepinda, hata sikuwa na uhakika tena na ile kanuni ya kukishusha kisanduku kwa tela la maji. Nilipiga magoti nyuma ya gari, nikachomoa bolti za kisanduku. Watu walikuwa wanapiga kelele tuharakishe. Nikauliza bila kugeuka:

"Juu au chini?"

"Juu," akasema mume wangu.

Nikapandisha. Shemeji alikuwa upande wa pili anafunga mnyororo. Nikasikia tena, "Juu! Juu!" nikapandisha tundu jingine, nikapitisha bolti, nikakaza mpaka mikono ikauma. Tangi likajazwa. Shemeji alitazama ile pua ya tela, akasema labda imeinuka kidogo, lakini yeye hakuwa na ujuzi wa pikapu na nyuma yetu watu walishaanza kutukana. Mume wangu alikuwa amekaa tayari ndani ya gari, anapiga dashibodi. Nilidhani anataka tuondoke.

Kwenye lami hadi juu tulienda vizuri, polepole, na mimi nikaanza kupumua. Ubaya ulianza tulipoacha lami na kushika barabara yetu ya udongo inayopanda. Maji yakarudi nyuma ndani ya tangi. Pua ya tela, ambayo ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa, ikavuta nyuma ya pikapu na kuinyanyua. Usukani ulikuwa mwepesi kwa namna ya kutisha. Nikaongeza mafuta, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, yakirusha vumbi, na kwenye kona ileile aliyoisema shemeji gari likasimama. Kisha likaanza kurudi nyuma.

Nilikanyaga breki, nikavuta breki ya mkono, likaendelea kuteleza. Mume wangu alikuwa anapiga kelele, "Juu! Juu!" na mkono wake wa kushoto ukipiga kiti kuelekea chini, chini, chini. Nilimtazama ule mkono, na ndipo nikaelewa alichokuwa akiniambia tangu kisimani, nikiwa nimempa mgongo.

Tela lilijikunja, likaingia kwenye mtaro na kulala kwenye ukuta wa udongo. Mfuniko wa tangi ukaruka. Gari likasimama limepindana nalo. Nikasikia maji.

Nilitoka. Pini ilikuwa imepinda kama kidole cha mzee, mnyororo umekakamaa, lakini mataya yalikuwa yameumana, na mistari yangu mibaya haikuachia hata mmoja. Sikuona hilo wakati ule. Niliona maji tu, yanateremka kwenye vumbi, yanakuwa tope, yanapotea. Nikageuka kwa mume wangu aliyekuwa anahangaika kushuka.

"Kwa nini husemi!" nikapiga kelele. "Kwa nini husemi kitu kama kilivyo!"

Aliegemea mlango wa gari. Mdomo wake ukafunguka na hakikutoka kitu chochote, hata kile kisicho sahihi. Akateleza akakaa chini barabarani, mbele ya watu.

Kwa sababu watu walikuwa wameshafika. Sijui walitokea wapi, kutoka migombani, kutoka nyumba za juu, wanawake na ndoo, mabeseni, masufuria. Walikuwa wanakinga kwenye mdomo wa tangi. Nikasimama mbele yao nikaeneza mikono, nikasema ni ya ng'ombe wangu, ana mimba, jamani, ni ya ng'ombe wangu. Mwanamume mmoja ninayekaa naye kanisani kila Jumapili alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Mama, yanaingia mchangani hata hivyo. Tuache tukinge, kisha tutakusaidia kusukuma."

Nikashusha mikono. Kitu gani kingine ningefanya? Walikinga mpaka maji yakafika usawa ambao hayakumwagika tena, na kwa kweli hakuna aliyetia ndoo ndani zaidi ya hapo. Waliweka vyombo vyao kando ya barabara, wakaja bega kwa bega, wakalitoa tela mtaroni. Jasho liliwatoka, na ndoo zao zilikuwa pale pale, na hakuna aliyekunywa.

Nilikwenda nikachuchumaa mbele ya mume wangu. Nilimfuta uso kwa khanga. Nikamwambia, "Usiseme. Nionyeshe tu." Nikamshika mkono wa kushoto, nikampeleka nyuma ya gari, nikamwekea kiganja juu ya kisanduku. Watu wawili walishikilia pua ya tela. Akakisukuma kisanduku chini, tundu moja, jingine, akasimama, akarudi nyuma akatazama tela kutoka ubavuni huku amefumba jicho moja, akasogeza kidogo zaidi. Kisha akapiga kofi juu ya chuma. Pale. Pini iliyopinda tuliinyoosha kwa mawe juu ya jiwe, ikaingia kwa kupigwa. Tangi sasa lilikuwa na maji chini ya nusu. Gari likapanda ile kona kana kwamba hakuna kitu nyuma yake.

Yule mwenye mimba alikuwa amelala tulipofika. Nilimwinua kichwa nikamtia mdomo kwenye ndoo, akatazama maji kama hayafahamu, kisha akaanza kuvuta. Alikunywa ndoo baada ya ndoo. Nilimwekea jirani yangu mjane madumu mawili mlangoni, hakuwa na ng'ombe tena lakini alikuwa na koo. Siku chache baadaye ng'ombe yule alizaa ndama aliyekufa tayari. Mganga wa mifugo alisema pengine ingekuwa hivyo hata kama maji yangewahi. Sikumwuliza zaidi. Mama yake aliishi, na yule kijana aliishi, ingawa maziwa yalitoka kidogo sana na mwili ulibaki mbavu.

Tulirudi tambarare tena na tena, siku moja maji, siku nyingine mabua, kisanduku kikipanda na kushuka. Hakuna tela lililochomoka. Majirani walianza kuja kuomba niwaletee na wao, nikawaletea, na mafuta walichangia wenyewe. Shemeji aliacha kusema kuhusu kuua watu. Siku moja alimpiga mdogo wake begani akamwambia amefanya kazi nzuri, na mume wangu akatikisa kichwa kwa ukali, akaninyooshea mimi kidole. Shemeji akadhani anataka maji ya kunywa, akamwendea kikombe. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimechoka, na hata ningemweleza, furaha ya jambo lile ningeipeleka wapi? Jioni niliogopa kuingia bandani. Asubuhi niliogopa kumwamsha mume wangu, nisije nikakuta kiharusi kimerudi usiku kuchukua na upande uliobaki.

Mabomba mapya yalikuja wakati vuli imekaribia. Vijana wa vijiji vyote walipanda msituni kuchimba, na siku maji yalipofunguliwa mimi nilikuwa barabarani na tela. Nilisikia kabla sijafika, watoto wanapiga madebe. Nilipoingia uani nilikuta bomba letu limefunguliwa hadi mwisho, maji yanatoka mekundu kwa udongo, yanafurika kwenye beseni na kwenda zake mpaka migombani. Mume wangu alikuwa amevuta kigoda chake hadi pale. Ule mkono wa kulia alikuwa ameunyanyua kwa ule wa kushoto na kuuweka chini ya maji.

Nilisimama pembeni yake. Maji ya mlimani ni baridi, yanakata.

"Unasikia baridi?" nikamwuliza.

Alifikiri. Akatikisa kichwa kwamba hapana. Lakini hakuutoa, akaendelea kuushikilia pale, akiutazama, na mimi nikaenda jikoni kutafuta ndoo.